Sura ya Sita: Waimbaji Kupokezana

Kilangali ni kata ya mpunga. Wakulima wa Kilosa na Mikumi wanaijua kwa shamba lake la mbegu, kwa mbuga zinazojaa maji ya masika na kwa malori yanayosubiri magunia baada ya mavuno. Haimo katika orodha ya miji ya muziki nchini, wala sidai iwemo. Lakini sura hii naianzia huku bara kwa makusudi. Habari ya kikundi kinachobadilisha waimbaji mara nyingi husimuliwa kutoka Forodhani, Unguja, na wanaosimulia ni watu wa Forodhani. Mimi nataka kuitazama pia kutoka mahali ambapo muziki ulifika kwa treni, kwa redio, kwa kanda, na siku hizi kwa simu na spika, kwa sababu msikilizaji wa mbali huona jambo ambalo aliyekaa kiti cha mbele halioni: sauti ipi inabaki masikioni wakati wapigaji hawaonekani kabisa.

Kijana wa Kilosa wa miaka ya 1960 hakuhitaji kwenda mbali kupata muziki mkubwa. Morogoro mjini palikuwa na bendi mbili zilizogawa mashabiki wa mkoa mzima. Ya kwanza, Cuban Marimba, ilitokana na kundi la La Paloma, alilolianzisha Salum Abdallah mwaka 1948 akiwa amezama katika santuri za Kikuba. Ya pili, Morogoro Jazz, ilikuwapo tangu miaka ya 1940, lakini jina lake lilipaa baada ya Mbaraka Mwinshehe kujiunga nayo katikati ya miaka ya 1960. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Juma Kilaza akaishika Cuban Marimba na kuipa maisha mapya. Mbaraka naye, aliyekwenda na bendi yake hadi maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, aliondoka mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari Mombasa. Morogoro Jazz haikurudi tena mahali alipoiacha, na Super Volcano haikuweza kuwa ileile bila yeye.

Nimezirudia habari hizi, ambazo msomaji wa sura zilizotangulia anazijua, kwa sababu ya swali moja. Kwa nini bendi nzuri, yenye wapigaji hodari na nyimbo zilizokwisha kupendwa, huyumba mtu mmoja akiondoka? Najua dansi lilikuwa na bendi zenye waimbaji wengi. NUTA Jazz, iliyozaliwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, imepita majina ya Juwata na OTTU hadi Msondo Ngoma, na waimbaji wake wamehama na kurejea kizazi baada ya kizazi. Muhidin Gurumo aliiacha, akaenda kujenga Mlimani Park, akapita Orchestra Safari Sound (OSS), akarudi. Msondo ikaendelea kupiga. Hapo tayari kuna dokezo la jibu. Vyombo vya NUTA vilikuwa mali ya chama. Mwimbaji akihama, gitaa na ngoma zilibaki ukumbini.

Lakini dansi halifikii umri wa kikundi ninachotaka kukizungumzia. Ikhwani Safaa ilianzishwa Unguja mwaka 1905. Wakati huo reli ya kati ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa kutoka Dar es Salaam, na garimoshi lilikuwa bado halijafika Morogoro, sembuse Kilosa. Vijana wa mjini walioiunda waliazima jina la wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10, ndugu wa usafi, na wakaagiza ala kutoka Misri. Walikuwa wanachama kabla ya kuwa wasanii: walichanga, walikutana, walijifunza pamoja, na muziki ulikuwa shughuli ya chama chao. Sauti zilizopita mbele ya vyombo hivyo tangu hapo ni nyingi kuliko anavyoweza kuzitaja mtu mmoja, na chama kipo.

Asili ya muziki wenyewe, yaani taarabu, inasimuliwa hivi. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Kimisri, akaleta wapigaji kutoka Cairo, akampeleka Mohammed Ibrahim huko ajifunze ganuni. Aliporudi alipiga kasri na kufundisha wengine. Huu ulikuwa muziki wa kusomea, wenye kanuni, walimu na mpangilio, uliotungiwa watu wanaokaa kimya kusikiliza. Ulikuwa umefanya kazi katika miji ya Waturuki na Waarabu kwa karne kadhaa kabla ya kuvuka bahari.

Kanuni hizo ndizo kiini cha sura hii, kwa hiyo nitakaa nazo kidogo.

Jioni ya taarabu asilia haifunguliwi na mwimbaji. Hufunguliwa na bashraf, muziki mtupu usio na maneno, ambao umbo lake limetoka katika kasri za Kiothmani. Fidla zinaingia pamoja, ganuni inapita kati yao na nyuzi zake zaidi ya sabini, udi unajibu, nai inavuta pumzi ndefu, akodiani inajaza, sello na dabo besi zinashikilia chini, na dumbaki na rika zinahesabu mapigo. Kwa dakika kadhaa hakuna uso wa kutazama isipokuwa kundi lenyewe. Msikilizaji anafundishwa, bila kuambiwa, kwamba amekuja kusikiliza watu ishirini na zaidi wanaopumua kwa pamoja.

Kisha kuna maqamu. Kila wimbo una maqamu yake, iwe rasti, bayati, hijazi au nahawandi, na maqamu ni zaidi ya orodha ya noti. Inaelekeza sauti ianzie wapi, itulie wapi, ikipanda ipite njia gani na ikishuka ipite njia gani. Baadhi yake zina hatua zinazoangukia katikati ya vibonyezo viwili vya kinanda cha kawaida. Fidla haina vigawanyo shingoni, kwa hiyo kidole kinafika pale kinapotakiwa. Mwimbaji mgeni anayezijua maqamu anaweza kuketi na kundi asilolijua akaimba usiku huohuo, kwa kuwa barabara imekwisha kuchorwa kabla yake.

Halafu kuna shairi. Maneno huandikwa na mshairi kwa vina na mizani, aghalabu mishororo ya mizani kumi na sita iliyokatwa katikati. Mtu mwingine, au yeye mwenyewe kama ana uwezo, huyatia muziki. Mwisho kabisa ndipo anachaguliwa wa kuimba. Yule anayepigiwa makofi ni mtu wa tatu kuufikia wimbo. Katika kundi kama Culture Musical Club la Unguja waimbaji huketi safu moja na kuwaitikia wenzao. Wimbo wake ukifika, mwimbaji husimama, hutoka mbele, huimba beti zake huku akina mama wakija kumtunza, kisha hurudi kuketi na kuwa mwitikiaji wa anayemfuata. Usiku mmoja huwa na waimbaji watano, sita au zaidi, kila mmoja na nyimbo zake zinazojulikana kuwa zake. Makame Faki ana zake, Rukia Ramadhani ana zake, na hakuna anayeuliza ni nani hasa mwimbaji wa bendi.

Nimesikia watu wa dansi wakisema mpangilio huu unaua nyota. Siti binti Saad anatosha kuwajibu. Alizaliwa Fumba mwishoni mwa karne ya 19, akaingia mjini, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, zilizouzwa pwani yote na kufuata biashara hadi bara. Hakuna nyota aliyemzidi katika wakati wake. Hata hivyo hakuwa peke yake: walikuwapo wenzake kama Subeti Ambari kwenye udi, Buda Swedi, Mwalim Shaaban na Mbaruk Talsam, watunzi na wapigaji ambao bila wao santuri hizo zisingekuwapo. Alipofariki mwaka 1950 kundi lake halikuwa na chama cha kulirithi. Nyimbo ndizo zilizorithiwa, na Bi Kidude aliendelea kuziimba kwa namna yake hadi alipofariki Aprili 2013. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti, na ninauona ni moja ya vitabu vyetu muhimu juu ya mwanamuziki yeyote, maana aliona mapema kwamba sauti inastahili kuandikiwa kumbukumbu kama utawala.

Wakati huohuo Misri yenyewe ilikuwa inabadilika. Mwaka 1932 Cairo iliandaa mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, uliohudhuriwa na wataalamu wa Ulaya, akiwamo mtunzi Béla Bartók wa Hungaria. Moja ya hoja zilizozozaniwa ilikuwa kama ala za Ulaya ziingizwe katika muziki huo au zikae nje. Mitaani, na muda mfupi baadaye kwenye filamu, jibu lilipatikana bila kusubiri wataalamu: Mohammed Abdel Wahab na Umm Kulthum waliimba mbele ya makundi makubwa yenye safu za fidla, sello na besi. Sinema hizo zilifika Unguja, Mombasa na Dar es Salaam. Vilabu vya pwani vikapanua safu zao za nyuzi. Ndiyo maana taarabu ya Unguja ina umbo la okestra na si la bendi ndogo.

Tanga walichukua njia nyingine, nami naiheshimu sana. Black Star Musical Club na baadaye Lucky Star waliweka gitaa la umeme na besi ya gitaa, wakapunguza wapigaji, wakaongeza mapigo ya kuchezeka. Shakila Said aliimba Black Star, akaimba Lucky Star, na baadaye JKT Taarab. Sauti yake ilihama ikabaki yake, na makundi aliyoyaacha yaliendelea kupata waimbaji kama Asmahan. Taarabu ya Tanga ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na masikio ya watu wa bara waliozoea magitaa ya Morogoro, na Redio Tanzania ilipoipiga haikuhitaji kuelezwa.

Mapinduzi ya Januari 1964 yangeweza kuvunja kila kitu. Vilabu vya taarabu vilikuwa vya watu wa mjini wenye uhusiano na utawala uliopinduliwa, na wanachama wengi walihama kwenda Uarabuni na Ulaya. Ikhwani Safaa ilibaki, kwa muda ikijulikana kwa jina la mtaa wake wa Malindi. Kundi la vijana lililokuwa limeanzishwa mwaka 1958 chini ya Afro-Shirazi Party, Shime Kuokoana, likawekwa chini ya idara ya utamaduni na kuwa Mila na Utamaduni, ambalo nje ya nchi linajulikana kama Culture Musical Club. Serikali ilitaka muziki wa wananchi. Ikapata wananchi wakipiga bashraf, na wanawake waliokuwa zamani wakisikiliza kutoka pembeni wakaketi safu ya mbele kuimba. Hilo la wanawake naliona kuwa badiliko kubwa kuliko yote yaliyofuata. Kundi lilipata sauti ambazo chama cha wanaume cha 1905 hakikuweza kuwa nazo, na kanuni za muziki hazikulegea hata kidogo kwa ajili hiyo.

Basi taarabu ikaja bara ikiwa imevaa nguo nyingine. Mwaka 1992, nchi ikiingia katika vyama vingi, CCM iliunda Tanzania One Theatre chini ya Kapteni John Komba. TOT ilikuwa na ngoma, kwaya, maigizo, dansi na taarabu katika onyesho moja. Khadija Kopa alitoka Culture akajiunga nayo. Upande wa pili Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga ilikuwa na Nasma Khamis, Kidogo. Watu wakajaa kusikiliza wanawake wawili wakijibizana kwa nyimbo, na vikundi vikazunguka mikoani. Mipasho ikawa gumzo la sokoni, la kisimani na la vijiweni, kutoka Dar es Salaam kufuata barabara na reli.

Hapo ndipo kanuni ya zamani ilipogeuka. Safu za fidla zilikuwa ghali kusafirisha. Kinanda cha umeme kingeweza kutoa sauti inayofanana na fidla kumi, na mtu mmoja angekipiga. East African Melody na makundi mengine ya miaka ya 1990 yalikifanya kinanda kuwa okestra, na mtindo wa rusha roho ukazaliwa: mapigo ya haraka, watu wakainuka kucheza, maneno makali yaliyomlenga jirani. Bashraf ikafutwa, au ikabaki sekunde chache za mwanzo. Wapigaji walipopungua hadi wanne au watano, aliyebaki kuonekana ni mwimbaji.

Mimi si miongoni mwa wanaoichukia rusha roho. Imewapa wanawake wa uswahilini jukwaa la kusema waliyokuwa wakiyanong'ona, na nyimbo zake nyingi zimetungwa kwa Kiswahili cha hali ya juu. Lakini lazima tuseme kilichopotea. Jahazi Modern Taarab, iliyoanzishwa na Mzee Yusuf katikati ya miaka ya 2000, ilikuwa na waimbaji wengi hodari kama Khadija Yusuf, Leila Rashid na Isha Mashauzi, na kwa muda ilirudisha ule utaratibu wa kila mwimbaji na wimbo wake. Kisha Isha akatoka kuunda Mashauzi Classic, na mwaka 2016 Mzee Yusuf mwenyewe akatangaza kuacha muziki kwa ajili ya dini. Mashabiki waliuliza swali lilelile walilouliza watu wa Morogoro mwaka 1973. Kundi lilikuwa la nani?

Nenda Kilangali baada ya mavuno ya mpunga, wakati wa harusi na sherehe za kumtoa mwali. Turubai linafungwa, spika zinapangwa, na mtu mwenye kompyuta ndogo anapiga nyimbo za makundi matano ndani ya saa moja. Akina mama wanajua kila mstari. Wanamtaja mwimbaji kwa jina wimbo ukianza tu, na wakati mwingine wanamtunza asiyekuwapo, kwa kuweka noti juu ya kichwa cha bibi harusi. Waulize nani alitunga shairi, au nani alipiga kinanda, na huna utakachopata. Hawana kosa. Faili lililoingia kwenye simu lilikuja na jina la mwimbaji na jina la wimbo, basi. Kanda ya zamani iliandikwa angalau jina la kikundi juu ya jalada.

Jambo hili lina upande wa sheria, na nataka wasomaji wanaoendesha vikundi huku Kilosa walisikie. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara chini ya COSOTA, inatofautisha mtunzi na mwimbaji. Mtunzi ana hakimiliki juu ya kazi; mwimbaji na mpigaji wana hakishiriki juu ya jinsi walivyoitekeleza. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Mgawanyo huo unalingana vizuri na utaratibu wa vilabu vya taarabu, ambako mshairi, mtia muziki na mwimbaji ni watu watatu wanaojulikana. Haulingani na kikundi ambacho hakuna aliyeandika chochote, ambako wimbo ulitungwa na watu wanne ukumbini usiku, na mwimbaji alipohama akauchukua kichwani. Kikundi cha vijana kikiwa na daftari linaloonyesha wimbo, mtunzi wa maneno, mtia muziki, waliopiga na tarehe, kinaweza kumuaga mwimbaji kwa heshima na kumpa mwingine wimbo uleule kesho yake. Kisipokuwa na daftari, kinamuaga pamoja na nyimbo zote.

Na kuna upande wa mafunzo, ambao kwangu ndio unaoleta tumaini. Mwaka 2002 kilifunguliwa Mji Mkongwe chuo cha muziki wa nchi za jahazi, Dhow Countries Music Academy, kikifundisha ganuni, udi, fidla na ngoma kwa yeyote aliye tayari kujifunza. Chuo kimepita vipindi vigumu vya fedha, lakini kimetoa kizazi kinachojua kusoma noti na kinachojua maqamu pia. Siti and the Band walitokana na mazingira hayo, wakiuchanganya udi na fidla na mapigo ya kisasa. Rajab Suleiman, mpiga ganuni wa Culture, aliunda kundi dogo la Kithara, ambamo Saada Nassor na Makame Faki wameimba kila mmoja nyimbo zake kama ilivyo desturi. Kithara ni ndogo kuliko okestra ya zamani, inaingia kwenye gari moja, na bado inapiga bashraf.

Udogo huo ndio ninaoutazama nikiwa huku bara. Okestra ya watu thelathini haitakuja Kilosa kila mwaka, na hakuna haja ya kujidanganya. Lakini watu saba wenye ganuni, udi, fidla mbili, besi, dumbaki na akodiani, wakiwa na waimbaji wawili wa kupokezana, wanaweza kupanda treni ya mwendokasi asubuhi Dar es Salaam, wakashuka stesheni ya Kilosa na kupiga jioni hiyohiyo. Reli mpya ilianza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Maofisa utamaduni wa wilaya wana bajeti ndogo na siku nyingi za sherehe za kitaifa zinazojazwa na spika. Siku moja tu kati ya hizo ingetosha kuanzia. Na watakapokuja, mshereheshaji awataje wapigaji wote kwa majina, mmoja mmoja, kabla ya mwimbaji wa kwanza kusimama.